Namba Ndani ya Pindo

Siku niliyomwona Evarista Kalinga kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja ardhini na mwingine kwenye ngazi, na kondakta anampigia kelele aondoke. Hakuondoka. Alikuwa amemshika mkono binti mmoja aliyevaa sweta la shule lililochakaa, na kwa kalamu ya wino alikuwa anamwandikia namba ya simu kwenye ngozi, kuanzia kiwiko kushuka chini.

"Mama, tunachelewa!"

"Nendeni. Nani amewashika?"

"Umeshika mlango!"

"Subiri, bado kidogo. Huyu mtoto mkono wake mfupi."

Watu ndani ya basi wakacheka. Binti hakucheka. Evarista alipomaliza kuandika aliupuliza ule mkono kama mtu anayepoza uji, kisha akashuka, na basi likaondoka kuelekea Iringa na Dar es Salaam.

Hapo ni Nyololo, wakati wa masika. Mimi ni mtu wa Kalenga, fundi cherehani, na wakati ule nilikuwa bado mgeni pale. Nilikuwa nimepanga kibaraza cha duka kando ya barabara kuu. Basi halijafika mbali mvua ikaanza. Evarista akakimbilia kibarazani kwangu na beseni lake la mahindi ya kuchemsha, akasimama akitazama barabara. Dirisha la upande aliokaa binti lilikuwa halifungi vizuri, nami nililiona. Nadhani na yeye aliliona.

"Kamwene, fundi," alinisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama."

"Wino ukilowa unatoka. Uzi je?"

Sikumwelewa, lakini swali lenyewe nililijua jibu lake. Nikamwambia uzi hautoki mpaka ufumuliwe. Akaitikia kwa kichwa, akaweka muhindi mmoja wa moto juu ya meza ya cherehani yangu, akarudi kuuza.

Binti yule aliitwa Esta. Mwenyewe alisema ana miaka kumi na saba. Evarista alisema hata kumi na minne haijafika. Bibi yake, ndiye aliyemlea, alikuwa amekubali aende Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na aliyekuja kumchukua kijijini alikuwa Clement.

Clement nilimfahamu upesi kwa sababu alikuwa anakaa pale pale stendi, kwenye benchi la wauza vocha. Kazi yake ilikuwa kutafuta mabinti kwenye vijiji vya juu, kule kwenye chai na misitu, na kuwapeleka kwa akina mama wa mjini wanaotaka wasichana wa kazi. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mcheshi, alinunulia mabinti soda, na wazazi walimpenda. Kwetu Iringa jambo hili halikuanza jana. Watu wa mjini wamekuwa wakisema msichana wa kazi mzuri anatoka Iringa, na sisi tumekuwa tukiwatoa watoto wetu kama tunavyotoa viazi.

Evarista hakuwazuia mabinti kupanda basi. Alijua nyumbani kwao kukoje. Aliwauliza tu maswali: unakwenda kwa nani, unajua mtaa gani, ukitaka kurudi utarudije. Wengi hawakuwa na jibu la swali la tatu. Ndipo alipowaandikia namba yake mkononi. Simu ilikuwa ndogo, ya vibonyezo, imefungwa mpira ili betri isidondoke.

Mimi si msemaji, na kwa sababu hiyo watu hunisimulia mambo. Siku moja ya jua, hakuna basi, Evarista aliniambia habari zake. Alipokuwa msichana alipelekwa Mbeya, Ilomba, kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa na duka. Hakupigwa sana. Alipewa chakula. Lakini kila alipoomba kwenda kwao, mama mwenye nyumba alimwambia kwamba mabasi hayasimami Nyololo, yanapita tu. Naye aliamini. Alikaa pale mpaka alipokuwa mtu mzima, akipanga jinsi atakavyoruka basi likiwa linakwenda, na mama yake akafa, akazikwa, yeye yuko Ilomba anafua.

"Siku niliyorudi nilimwambia dereva, kaka, ukipita Nyololo punguza mwendo kidogo tu niruke," alisema. "Dereva akanitazama. Akasema, mama, Nyololo ni kituo."

Alinisimulia hivyo bila kulia. Baadaye alifanya kazi ya kuchuma chai Mufindi, miaka mingi, mpaka mgongo ulipokataa kubeba kikapu. Ndipo alipokuja kuuza mahindi stendi. Mara nyingine basi likiingia nilimsikia akisema peke yake, "Hilo limesimama." Zamani nilidhani anahesabu wateja.

Klabu ilikuja kwa njia ya mahindi. Kulikuwa na mama mmoja wa Mbeya, Nasrin, mwenye duka la vitambaa, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wameanzisha klabu ya akina mama ya kujitolea. Hakuna aliyelipwa. Walikuwamo wafanyabiashara, walimu, na muuguzi mstaafu aliyeitwa Mwanakhamisi ambaye wote walimwogopa kidogo. Walikuwa wanawafundisha wasichana wa kazi wa pale Mbeya kusoma siku za Jumapili, na kuwasindikiza kwenye dawati la jinsia la polisi wakiumizwa. Nasrin alikuwa anasafiri kwenda Iringa, akanunua mahindi dirishani, akamwona Evarista akimwandikia mtu mkono. Akashuka na mzigo wake, basi likamwacha.

"Mama, hii namba ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Na wakipiga, wewe unafanya nini?"

"Napokea."

"Halafu?"

Evarista akafikiri. "Halafu naanza kuhangaika."

Nasrin alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio wake. Alikaa na sisi mpaka jioni. Evarista akaninyooshea kidole, akamwambia kwamba fundi huyu anasema uzi hautoki. Hivyo ndivyo mradi ulivyoanza. Klabu ilileta vitambaa vizuri, vizito, vya kustahimili baridi na kufuliwa. Mimi nilishona sketi. Ndani ya pindo, mahali pasipoonekana mpaka uligeuze, nilitia namba ya Evarista kwa sindano ya mkono. Kila binti aliyepita Nyololo kwenda kazini alipewa sketi yake. Klabu nayo ilitafuta akina mama wenzao Dar es Salaam ambao wangeweza kwenda kugonga mlango pamoja na mjumbe wa mtaa ikiwa simu italia.

Mwanzoni tulikosea. Nilitumia uzi mweupe kwenye kitambaa cha buluu, nikiona ndiyo usafi wa kazi. Binti mmoja akapiga akasema mama mwenye nyumba ameiona namba wakati wa kuanua nguo, ameifumua yote, bahati yeye binti alikuwa ameikariri. Tangu hapo nikatumia uzi wa rangi ya kitambaa chenyewe. Evarista aliwafundisha mabinti kuisoma kwa ncha ya kidole, macho yamefumbwa. Yeye mwenyewe hakuweza. Alisema vidole vyake vimekufa ganzi.

Clement alimpa jina la Mama Namba.

"Mama Namba, leo umewavisha wangapi? Nishonee na mimi, nikipotea mke wangu anipigie."

"Wewe ukipotea mkeo atachinja mbuzi," Evarista alimjibu, na benchi zima la vocha likapiga makofi.

Lakini utani ulipokwisha alimwuliza kila mara swali lile lile. "Esta yuko wapi?" Clement alisema alimkabidhi kwa mama mmoja stendi ya Dar es Salaam, mama yule akahama, simu yake haipatikani. Nadhani alikuwa anasema kweli. Ndiyo kazi ilivyokuwa: unamkabidhi mtu, unageuka, unapanda basi la kurudi. Evarista alipanda mpaka kijijini kwa bibi yake Esta, akarudi bila habari. Bibi naye alikuwa anangoja Esta amtumie fedha za Krismasi.

Simu zilikuja. Si nyingi, na si zote za mabaya. Mwingine alipiga kusalimia tu. Lakini kila simu ilipolia kwa namba ngeni, Evarista aliweka beseni chini kwanza, akafuta mikono, ndipo akapokea. Nilijua anangoja sauti gani.

Kisha ukaja mwaka ule wa kusajili laini kwa alama za vidole. Redio ilitangaza asubuhi na jioni: laini isiyosajiliwa itazimwa. Stendi ikajaa mawakala chini ya miavuli, kila mmoja na kamashine kadogo kenye kioo. Mimi nilisajili yangu kabla chai haijapoa. Evarista akaja na namba ya kitambulisho chake cha taifa, akaweka dole gumba.

"Toa. Futa. Weka tena," wakala alisema. "Toa. Bonyeza kidogo. Si hivyo, mama, unakiponda."

Vidole vyote kumi vilikataa. Wakala akaushika mkono wake akaugeuza kwenye mwanga. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imesuguika na kuwa ngumu, inang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

"Mama, huna alama. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kuchuma chai."

"Basi zimekwenda na chai."

"Kwa hiyo niwafuate walioinywa?" alisema, na kijana akacheka, lakini yeye aliondoka pale mikono ameificha chini ya kitenge kama mtu aliyeambiwa ameiba.

Kila mtu alimpa dawa. Mafuta ya nazi. Maji ya uvuguvugu. Ndimu. Alilala amefunga vidole kwa vitambaa vyenye mafuta. Alikwenda Mafinga, mashine ikakataa. Alikwenda Iringa mjini, akapanga foleni tangu asubuhi, ikakataa. Alirudi amechoka, akakaa kwenye ndoo yangu ya kulowekea vitambaa akasema, "Fundi, mimi kunyimwa laini si kitu. Nimeishi bila simu miaka mingi. Lakini namba iko kwenye sketi za watu."

Klabu ikatuita Mbeya. Mkutano ulifanyika sebuleni kwa Nasrin, ambaye nyumba yake iko Ilomba. Evarista alikuwa hajakanyaga Ilomba tangu alipotoka. Tulipokuwa tunatembea alitazama mageti yote, lakini hakuniambia nyumba ni ipi, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimebeba sketi mpya za kuwaonyesha. Nikakaa karibu na mlango.

Akina mama walikuwa wamejiandaa vizuri. Nasrin alieleza kwamba wamepata namba mpya, rahisi, inayokaririka hata na mtoto, imesajiliwa kwa jina la klabu. Walikuwa wamechapisha na kadi zenye rangi. Walimshukuru Evarista kwa maneno mazuri, wakampa kitenge. Mtu asiyejua angedhani jambo limekwisha.

Evarista alikishika kitenge mapajani. "Namba ni nzuri," alisema. "Na waliokwisha kwenda?"

Nasrin alisema kwa upole, "Mama, hao hatuna jinsi. Tutawaambiaje kwamba namba imebadilika? Hatuna namba zao."

"Wao wanayo yetu."

Mmoja alikuwa anamimina chai, akaacha kumimina.

"Mtu amekaa mwaka mzima anaogopa," Evarista akaendelea, taratibu, akitazama zulia. "Siku moja anapata simu ya mtu, labda ya muuza maji, labda ya jirani. Anakwenda uani, anageuza pindo, anapiga. Anaambiwa namba unayopiga haipatikani. Huyo hatapiga tena. Atajua walimdanganya, kama mimi nilivyodanganywa hapa hapa kwenu Ilomba kwamba basi halisimami."

Bi Mwanakhamisi, yule muuguzi, alivua miwani. "Kwani sheria inataka kidole chako, au inataka kidole?"

"Inataka kidole cha mwenye laini."

"Basi laini ipate mwenyewe mwingine. Nasrin, una vidole?"

Nasrin akasema yuko tayari, hata leo. Lakini Evarista akakataa. Alisema laini ikisumbua, ikifungwa, ikidai kuhakikiwa, Nasrin yuko Mbeya na simu iko Nyololo. Iwe ya mtu anayekaa pale pale. Kisha wote wakageuka kunitazama mlangoni.

"Fundi Kasian, mkono wako wa kulia tuuone," Bi Mwanakhamisi alisema, na sebule nzima ikacheka, na mimi nikautoa.

Wakala mkubwa wa Mbeya alitaka barua ya mtendaji na picha za Evarista, tukarudi kuzifuata. Tulipofanikiwa zilikuwa zimebaki siku chache laini izimwe. Niliweka dole gumba, mashine ikalia mara moja, kijana akasema tayari. Evarista alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Alitazama kile kioo kidogo, akatazama kidole changu, akashusha pumzi. Hakusema asante. Alisema, "Sasa usije ukakikata na mkasi."

Kwa hiyo laini ikawa yangu kwenye mitambo na yake mkononi. Aliendelea kubeba ile simu na mahindi yake. Mwaka uliofuata, siku ya soko, ililia. Binti mmoja wa huku kwetu juu, aliyeondoka na sketi kati ya zile za mwanzo, alikuwa anapiga kwa simu ya fundi bomba. Alikuwa hajalipwa tangu aanze na geti lilikuwa linafungwa kwa kufuli. Hakujua mtaa. Evarista alimwambia atulie, amtajie anachokiona akichungulia juu ya ukuta. Mnara wa simu. Msikiti wenye rangi ya kijani. Bango la rangi za nyumba. Kisha akampigia Nasrin, naye akawaambia wenzake wa Dar es Salaam maneno hayo hayo, nao wakazunguka mpaka wakaupata msikiti, wakaenda na mjumbe na askari wa dawati kumtoa.

Siku binti aliporudi tulikuwa stendi wote, hata Clement. Basi lilipoanza kupunguza mwendo Evarista alisema kwa sauti, "Hilo linasimama." Binti alishuka amevaa sketi ile ile, fupi sasa, maana alikuwa amerefuka. Evarista alimshika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akamwuliza kama huko alikokuwa amewahi kukutana na msichana anayeitwa Esta. Binti akatikisa kichwa. Dar es Salaam ni kubwa, sote tulijua, lakini aliuliza.

Clement aliacha ile kazi baada ya hapo. Sijui kama ni kwa sababu hiyo. Sasa anauza mbao.

Evarista alianza kuvimba miguu mwaka juzi. Alisema ni baridi. Akawa anapanda kilima kidogo cha kwenda kwake kwa kupumzika kila baada ya miti michache. Madaktari walisema ni moyo. Akina mama wa klabu walipeana zamu kumuuguza hospitali ya wilaya, wakitoka Mbeya na mashuka na supu kwenye chupa za chai, na Bi Mwanakhamisi alikagua hata vidonge vyake. Mimi nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Tulikuwa tunakaa bila kuongea sana, jambo ambalo halikuwahi kutusumbua.

Mara ya mwisho ilikuwa mchana, wakati wa kutazama wagonjwa. Alikuwa ameegemea mito mitatu kwa sababu kulala chali kulimkaba. Alitoa simu chini ya mto, imefungwa mpira wake, na chaja imezungushiwa uzi.

"Ichukue. Laini ni yako."

"Ni yako, mama."

"Kidole cha nani?"

Nikaipokea. Nikamwambia ukweli, kwamba simu ikilia sitajua la kusema. Mimi huwa nakwama hata nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja. Nilimwomba aiache kwa Nasrin.

"Nasrin anaongea sana," alisema. "Mtoto anayepiga kutoka uani hataki maneno mengi. Wewe utafaa." Akapumzika, akapumua kwa shida, akaendelea. "Wengine wote wakipiga, mpe habari Nasrin, yeye anajua watu. Usiizime. Ukienda kanisani iweke mfukoni, Mungu hatakasirika."

Nesi akapita akigonga vitanda kwa ufunguo, kwamba muda umekwisha. Nilisimama. Nilidhani amesinzia, nikaanza kuondoka polepole ili kiatu changu kisilie. Nilikuwa nimefika kwenye kitanda cha jirani aliponiita, nikarudi, nikainama kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

"Esta akipiga," alisema, "usimuulize kwanza alikuwa wapi. Muulize kama amekula. Halafu kata, umpigie wewe, maana simu itakuwa ya kuazima."